Naomba ushauri: wajumbe wetu wanachagua kwa kuangalia mtu katoka wapi

Ndugu wanajamvi, hamjambo. Mimi ni katibu wa tawi la chama kimoja cha kitaifa mjini Nakuru, ambako wanachama wetu wametoka karibu kila pembe ya Kenya. Kifungu cha 91 cha Katiba ya 2010 kinakataza chama kujengwa juu ya msingi wa kabila au eneo, lakini kwetu hilo limetimia kwenye daftari tu. Katika uchaguzi wetu uliopita, kabla hata ajenda haijasomwa, wajumbe walikuwa wameketi makundi makundi kulingana na walikozaliwa wazazi wao, na mweka hazina wetu, mama hodari asiyewahi kupoteza hata risiti moja, akaangushwa kwa kuwa "si wa kwetu". Iliniuma sana. Tumejaribu uenyekiti wa zamu, ila kila zamu imegeuka kuwa zamu ya kundi fulani kula.

Je, kuna tawi lililofaulu kumtaka mgombea apate sahihi za wanachama wa maeneo mbalimbali, kama rais anavyotakiwa kupata angalau asilimia 25 ya kura katika zaidi ya nusu ya kaunti 47? Na makundi makubwa yakipinga, tuanzie wapi kuyashawishi?