Ushauri: namba yangu ya tarakimu kumi imefaulu kipimo, je, niitangaze kuwa tasa?

Mchanganuzi: Wakuu, habari zenu. Nina namba ya tarakimu kumi ninayoamini ni tasa, na makala yangu inayoitegemea inakwenda mtamboni wiki hii katika jarida la klabu yetu ya hisabati. Nimekosa usingizi. Niitangaze?

Bi Hesabu: Hongera kwa kuandika, ila vijana wa sasa mnawahi kuchapisha kabla ya kuthibitisha.

Kipeo: Mkuu, namba yenyewe ni ipi, na umeipima vipi?

Mchanganuzi: Ni 4,294,967,297. Nilichukua 2 kwa kipeo cha namba hiyo pungufu 1, nikagawa kwa namba yenyewe, baki likawa 1. Pia niliigawa kwa namba tasa zote hadi 600. Sioni sababu ya kuiondoa, kwani 3, 5, 17, 257 na 65,537 ni tasa, na yangu ndiyo inayofuata: 65,536 mara yenyewe, ongeza 1.

Mzee wa Baki: Kipimo hicho nakifahamu tangu chuoni, tulipokesha na 341, ambayo hukifaulu ilhali ni 11 × 31. Tangu hapo napima kwa 3 pia, na yako kwa 3 haifaulu.

Shaka: Kisa hiki kimetungwa. Namba hiyo mwanahisabati Fermat aliidhania tasa katika karne ya 17, na mwenzake Euler akaivunja mwaka 1732 kwa kuonyesha kwamba inagawanyika kwa 641. Iweje mtu asimame 600?

Mchanganuzi: Sijatunga. Orodha ya namba tasa kitabuni mwangu inakomea hapo, na kurasa za jarida zimeshapangwa.

Kipeo: Kiwe cha kweli au cha kutunga, hesabu haibadiliki. Kwa kuwa 641 ni 5 × 128 + 1, basi 5 × 128 ikigawanywa kwa 641 huacha baki sawa na −1. Ukiipandisha kipeo cha nne, 625 mara 2 kwa kipeo cha 28 huacha 1. Lakini 641 ni 625 + 16 pia, hivyo weka −16 mahali pa 625, upate kwamba 2 kwa kipeo cha 32 huacha −1. Ongeza 1, baki ni sifuri.

Bi Hesabu: Na kigawo cha pili, 6,700,417?

Kipeo: Hicho ni tasa. Euler alionyesha kwamba kila kigawo tasa cha namba hii huzidi kizidishe cha 64 kwa 1, kwa hiyo hadi 2,588, kipeuo cha pili cha 6,700,417, namba za kujaribiwa hazifiki 41. Mchanganuzi, andika makala juu ya hilo.