Mjadala: Kijana aanze na penseli, au na gundi na vitenge?

BrashiKavu: Jumamosi nilimpeleka mwanangu wa miaka 14 kwenye darasa la uchoraji hapa Dar. Nilitegemea kukuta wanachora chungu, mkono, kivuli. Nikakuta meza imejaa mchanga, magazeti, vipande vya kitenge na gundi ya mbao, mwalimu anawaambia wachanganye wapendavyo. Wanaiita miksimidia. Ada nimelipa, nilicholipia sikijui. Mtoto asiyeweza kuchora jicho anajifunza nini kwa kubandika vitambaa?

Mwl_Asha: Anajifunza kuangalia. Nafundisha sanaa mwaka wa 11 sasa. Ukimpa kijana penseli siku ya kwanza atakuchorea nyumba na jua kwenye kona, kama alivyochora akiwa chekechea. Mpe kipande cha kitenge, mwambie huu ndio ukuta wa nyumba, hapo lazima afikiri. Wiki iliyopita binti mmoja alinyunyiza majivu ya jikoni juu ya gundi mbichi, akayachanachana kwa njiti ya fagio. Ikatokea mvua. Hakuna aliyemwonyesha.

Kibuyu_Arusha: Mvua au takataka? Bora hata hao wachoraji wa mtindo wa Tingatinga, angalau mtalii akiangalia anajua huyu ni twiga.

Mjukuu_wa_Tunduru: Hebu ngoja. "Bora hata"? Hiyo "hata" ni ya nini? Mimi nimekula, nimevaa na nimesomeshwa kwa picha hizo. Edward Saidi Tingatinga alianza 1968 bila darasa lolote, anachora kwenye ubao wa dari kwa rangi ya mafuta ya kupakia baiskeli. Hayo majaribio mnayoyaona mageni leo, yeye aliyafanya kwa sababu turubai na rangi za dukani hakuwa na pesa yake.

Kibuyu_Arusha: Mzee simgusi. Nasema warithi. Pita kwenye vibanda vyao Oysterbay, Dar, twiga wale wale, shingo ile ile, mpaka unachoka. Tangu alipopigwa risasi 1974 ni kunakili tu.

Mjukuu_wa_Tunduru: 1972! Polisi walimdhania mwizi. Alichora miaka minne tu, na wewe hata mwaka aliokufa huujui, halafu unatupa hukumu. Mchoraji Mpata, aliyejifunza kwake, alihamia Nairobi akawa na mkono wake mwenyewe, na leo ipo hoteli ya watalii Masai Mara yenye jina lake. Naye alinakili wapi?

Otis254: Niko Nairobi, nimekuwa nikiwasoma tu. Mchoraji Elimo Njau, ambaye ni Mchaga wa Marangu, kwa hiyo ni wenu, alianzisha jumba la sanaa la Paa ya Paa huku 1965. Neno lake linajulikana: usinakili, kunakili kunamlaza Mungu usingizi. Kibuyu ana hoja.

Mjukuu_wa_Tunduru: Mungu halali, kaka. Chuoni tulinakili aya kwenye ubao mpaka mkono ukajua wenyewe, nani alisinzia? Kwenye kibanda cha Tingatinga nilianza kwa kupaka usuli, ile rangi ya nyuma ya picha. Miezi. Halafu nukta za chui. Brashi ndogo ya macho nilipewa mwisho kabisa, na siku hiyo sikulala. Msiite hiyo uvivu.

MamaWawili: Ndugu zangu, mwenye mada aliuliza habari za mwanawe.

Kibuyu_Arusha: Mada ni hiyo hiyo. Wanaonakili na wanaobandika wote wanaikimbia penseli.

Mwl_Asha: Nani kaikimbia? Wanangu wanachora pia, lakini mwezi wa pili, wakishaacha kuogopa karatasi. Na wewe umeshawahi kukaa na darasa la vijana 40 wenye penseli 12?

BrashiKavu: Jamani, nimewasoma wote. Sasa picha yenyewe ya mwanangu imeanza kubanduka. Ni jahazi. Chini alipaka rangi ya mafuta ya bluu, juu akabandika tanga kwa gundi, akamalizia kwa rangi ya maji.

Mwl_Asha: Hapo ndipo ilipoharibika. Rangi ya maji na gundi vinatangulia, rangi ya mafuta inafuata juu. Ukigeuza, cha juu hakina pa kushika. Na kama kuna mahali ametumia uji wa muhogo kama gundi, usiiache sakafuni, mende wataila.

Kibuyu_Arusha: Kumbe kanuni zipo! Basi zitangulizwe.

Mwl_Asha: Nikizisema mapema wanaandika daftarini. Huyu ameiona ikibanduka.

BrashiKavu: Nimeliangalia lile tanga vizuri leo. Ni kanga ya marehemu mama yangu, nimeijua kwa pindo. Mwanangu aliikata bila kuniambia. Sikuweza kumgombeza. Nataka lirudi mahali pake, nifanyeje?

Mjukuu_wa_Tunduru: Pole sana. Usilivute. Inua pale palipokwisha kuachia, piga msasa laini kwenye ile bluu mpaka mng'ao uishe, futa vumbi kwa kitambaa kikavu. Gundi ya mbao kidogo, si nyingi, isije ikapenya ikatia doa kwenye kanga. Weka nailoni, juu yake kitabu kizito, mpaka kesho yake.

Kibuyu_Arusha: Pole kwa mama, BrashiKavu. Lakini ile "hata" yangu siifuti.

Mjukuu_wa_Tunduru: Njoo Oysterbay Jumamosi uiseme mbele ya wazee. Nakungoja.