Pete inawaita majini, ila sijui inawaitaje

Asalaam alaykum ndugu zangu, naomba ushauri. Mie niko Chake Chake, Pemba, naandika riwaya, msichana anaokota pete ya fedha kwenye magofu ya Mkama Ndume, yule mtawala wa zamani, kule Pujini na tokea siku hiyo majini wanamwandama. Nilipokwama ni hapa: wanajuaje alipo? Wakijua muda wote watamkamata ukurasa wa tatu hadithi imekwisha, wasipojua kabisa hakuna khofu. Tolkien kwenye kitabu chake cha 1954, The Fellowship of the Ring, kaliweka vizuri mno, wale wapanda farasi weusi tisa wanaihisi pete kwa mbali lakini Frodo, yule anayeibeba, akiivaa ndo wanamuona waziwazi, yani msomaji unatamani umshike mkono asiivae.

Mie nimefikiria harufu. Kila akiivaa kunanuka udi na chetezo hakina hata kaa la moto, bibi yake anaacha kukuna nazi, anageuka, anauliza nani kafukiza humu ndani. Hapo napapenda sana. Ila harufu inavuka bahari? Maana sura ya 5 anapanda boti kwenda Unguja na lazima wamfate huko huko. Au iwe pete ina deni la zamani, wenyewe wanadai chao? Nisaidieni jamani, wiki ya pili hii sijaandika kitu.