Naomba ushauri: mtoto wetu si pacha, aitwe Kabanga?

Wapendwa, salamu toka Lubumbashi. Babu alizaliwa Kasai akiwa pacha wa pili, ndiyo maana, kwa mila ya Waluba, akaitwa Kabanga. Aliyemtangulia alikuwa Mbuyi. Babu akashuka huku na reli kutafuta kazi ya migodi. Mwaka 1972 Rais Mobutu alipokataza majina ya Kikristo, baba alibaki na hilo, nasi tukalirithi japo hatuna pacha.

Sasa tumepata binti, peke yake. Mama mkwe anasema kumwandikisha Kabanga kwenye komine (ofisi ya serikali ya mtaa) ni kumwita pacha asiyekuwepo (na mama yule akishasema, amesema). Baba hataki jina lipotee.

Waluba mnaojua mila, nimwandike? Na akina Kabanga wasio na asili ya Kasai mmewakuta wapi: Likasi, Kolwezi, Kamina?