Magauni ya sendofu ya msaada, tushone nini?

Binti_Chumbageni: Wadau wa Tanga habari zenu, kikundini tumeletewa magauni ya sendofu na ya maharusi, satini na leisi tupu, tunataka tuyageuze nguo za kawaida tuwape kina mama wenye shida, maana gauni la mkia mtu ataenda nalo wapi, sokoni Mgandini? 😂 Tuanzie wapi?

FundiNgamiani: Choma kauzi kwanza dada, kakiyeyuka kakaacha kidonge kigumu hiyo poliesta, kakiwa majivu laini hiyo pamba. Poliesta na joto letu hili usimshonee mtu blauzi ya kubana, atalowa, toa sketi pana ya lastiki. Na fumua kabla ya kukata, mkia peke yake unatoa sketi za watoto. Satini inachomoka nyuzi balaa, piga ovaloki, ile mashine ya kufunga kingo za kitambaa, sindano namba 11, pasi moto mdogo.

mama_wa_Pongwe: Leisi wekeni mikononi kwenye madera, inapitisha hewa. Neti msitupe, funikieni chakula nzi wasitue.

Binti_Chumbageni: Shukrani sana. Fundi, ovaloki unayo hapo kwako?

FundiNgamiani: Ipo, njooni Jumamosi ila uzi mje nao, wa kwangu wa biashara.