Usafi wa parasetamoli unapita asilimia 100: tatizo ni nini?

Mkemia wa Ngara: Hamjambo wenzangu. Hapa Nairobi naandaa mbinu ya kupima usafi wa parasetamoli kwa mwangwi sumaku wa protoni (NMR, njia inayosoma ishara za viini vya hidrojeni ndani ya sumaku kali), nikitumia asidi ya maleiki kama rejea ndani ya sampuli ileile. Mbona majibu yanapita asilimia 100?

Mwalimu wa maabara: Ndugu, anzia kwenye muda wa kusubiri kati ya mapigo ya mawimbi ya redio. Protoni za maleiki hurejea polepole kwenye hali ya utulivu baada ya pigo. Ukipiga tena mapema mno ishara yake hupungua, na kwa kuwa ndiyo unayolinganishia, parasetamoli huonekana nyingi kuliko ilivyo. Pima T1 (kipimo cha muda wa kurejea) ya kila ishara, kisha usubiri angalau mara 5 ya iliyo ndefu zaidi, kwa pigo la nyuzi 90. Hapo usumaku umerejea kwa zaidi ya asilimia 99.

Dada wa mizani: Naafikiana na Mwalimu. Kagua pia unyevu wa maleiki, maana maji hupimwa kwenye mizani lakini hayaongezi ishara yake. Katika kiyeyusho cha DMSO chenye deuteriamu (hidrojeni nzito), maleiki hutokea karibu na 6.3 ppm (nafasi ya ishara kwenye grafu) na parasetamoli karibu na 6.7 na 7.3, kwa hiyo mgongano wa ishara sioni.