Mjadala: Vifaa vya ndani ya gari la kifahari vikiharibika mapema, nani athibitishe kuwa ni uchakavu?

Mwanzilishi wa mada, Nakuru

Waheshimiwa, naleta mada ambayo wengi mtaiona kuwa ya watu wenye shibe, nami nawaomba mnisikilize kabla ya kunicheka. Vifaa vya ndani ya gari jipya vinapoharibika kabla muda wa dhamana haujaisha, je, ni mnunuzi anayepaswa kuthibitisha kuwa ni kasoro ya kiwandani, au ni muuzaji anayepaswa kuthibitisha kuwa ni uchakavu wa kawaida?

Gari langu nililinunua likiwa jipya, kwa dhamana ya miaka 3 au kilomita 100,000, lolote litakalotangulia. Mwezi wa 19, vitufe vya madirisha kwenye mlango wa dereva vilianza kunata. Nilidhani watoto wamemwaga soda. Nilipopangusa kwa kitambaa chenye unyevu, utando mweusi ulitoka kama ulimbo ukaniganda kidoleni, na alama ya dirisha iliyochorwa juu yake ikaondoka nao. Kufikia mwezi wa 24 kishikio cha mlango kilikuwa kimefuata mkondo huo, na kitambaa cha paa kilikuwa kimeanza kulegea juu ya kiti cha nyuma, hata mama mkwe wangu, ambaye ni mrefu, husafiri kikimgusa kilemba.

Muuzaji yuko Nairobi. Nimekwenda huko mara mbili, yapata kilomita 160 kwenda peke yake, na mara zote mbili ukaguzi haukufika dakika kumi: kijana alibonyeza vitufe, akapiga picha kwa simu, kisha akanieleza kwa adabu kwamba vifaa vya ndani huhesabiwa pamoja na brekipedi na waipa, yaani vitu vinavyokwisha kwa kutumika. Brekipedi naielewa, maana kazi yake ni kusagika. Kitufe cha dirisha hakikutengenezwa ili kiyeyuke.

Katiba ya 2010, katika kifungu cha 46, inampa mtumiaji haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa na haki ya kufidiwa hasara inayotokana na kasoro. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 nayo inamhesabu muuzaji kuwa ameahidi ubora huo hata asipoutamka. Kinachonitatiza ni kwamba maneno "uchakavu wa kawaida" yamo ndani ya kijitabu cha dhamana bila maelezo yoyote, na anayeyafasiri ni yule yule ambaye, akiyafasiri kwa faida yangu, atalazimika kutoa pesa. Uingereza, ambako sheria yetu ya uuzaji wa bidhaa ilichotwa, sheria ya 2015 inasema kwamba kasoro ikijitokeza ndani ya miezi 6 huhesabiwa kuwa ilikuwapo siku ya makabidhiano, mpaka muuzaji aonyeshe vinginevyo. Napendekeza tuwe na kanuni kama hiyo, ila idumu muda wote wa dhamana iliyoandikwa. Aliyejitangazia miaka 3 asinung'unike akishikwa kwa miaka 3.

Mchangiaji, Kakamega

Pole ndugu yangu, lakini hiki ni kilio cha samaki, machozi yanakwenda na maji. Wengi wetu huku magharibi tunaendesha magari yaliyotumika Japani, mengine yakiwa yanakaribia ule ukomo wa umri wa miaka 8 tuliowekewa kwa magari yanayoingizwa nchini, na dhamana tunayopewa ni ya mdomo, nayo hufa gari linapovuka lango la yadi. Neno lenyewe "dhamana" tumezoea kulisikia kwa hakimu.

Ukimbebesha muuzaji mzigo wa ushahidi, ataupandisha kwenye bei, na utaulipa wewe. Isitoshe, atajuaje kuwa gari halikuanikwa juani kutwa, au kuwa hukuvipangusa vitufe hivyo kwa vitakasa mikono vyenye pombe, kama tulivyofanya karibu sote mwaka wa 2020?

Fundi wa viti, Kisumu

Nashona viti na kubandika vitambaa vya paa hapa Kisumu, na naona mzee wa Nakuru amefunga bunda moja vitu visivyolingana.

Kitufe kinachonata si uchafu. Chini kuna plastiki ngumu, na juu yake hupakwa rangi laini ya poliyurethani ili kidole kisikie ulaini na jicho lisione mng'aro. Rangi hiyo, isipochanganywa vizuri, humeng'enywa na unyevu na joto, ikarudi kuwa kama gundi. Mafuta ya mikono na pombe huharakisha, ila havikuanzisha. Kitambaa cha paa ni hadithi nyingine: nyuma yake kuna sifongo jembamba, na ninapokibandua hukuta sifongo limekuwa unga wa manjano unaopukutika kama unga wa muhogo, kwa hiyo gundi haina tena cha kushika. Kwenye gari la miaka 12 lililolala juani nalitarajia hilo. Kwenye gari la miaka 2 kutoka Nakuru, ambako kuna baridi kuliko kwetu, nisingeliita uchakavu.

Viti ndivyo vyenye ubishi wa kweli. Mara nyingi katika kiti kinachouzwa kwa jina la ngozi, ngozi yenyewe ni pale unapokalia na kuegemea tu, na ubavuni ni reksini, yaani ngozi bandia. Ubavu wa kiti cha dereva ukichubuka kwa sababu mwenyewe huingia akiuburuza mkanda wenye bizimu kubwa la chuma, hapo siwezi kumtetea.

Na suala la jua lisitutishe. Nchini Marekani, dashibodi za baadhi ya magari ya Lexus zilizokuwa zikinata na kupasuka kwa joto zilibadilishwa bila malipo, hata kwa watu ambao dhamana yao ya awali ilikuwa imekwisha. Jua la Florida halikuhesabiwa kuwa kosa la mwenye gari.

Mwanzilishi wa mada, Nakuru

Fundi, ahsante, na kuhusu ubavu wa kiti nimekubali bila ubishi. Kama muuzaji ana picha ya mchubuko wa mkanda, basi amethibitisha, na sina dai.

Ndugu wa Kakamega, bei huenda ikapanda kidogo, lakini nililipa bei ya dhamana tangu siku ya kwanza, na kwa sasa nimelipia karatasi. Wala hoja hii si ya magari mapya peke yake. Mwenye yadi akilazimika kuandika sababu za kumkatalia mteja, hata ile dhamana yako ya mdomo itapata pa kushikika, kwa kuwa mahakama ya madai madogo husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1 na hutakiwa kuyaamua ndani ya siku 60, ila huwezi kupeleka huko tabasamu la kijana wa kaunta kama ushahidi.

Nimemwandikia muuzaji barua nikimwomba aniandikie ni kipimo gani kilichoonyesha kuwa vitufe vyangu vimechakaa. Leo ni siku ya 11. Nimepigiwa simu mara tatu, na kila nikiomba jibu la maandishi, naambiwa msimamizi yuko kwenye mkutano.